720720: vunja kwanza, hesabu baadaye

Msomaji ameuliza: 720720 ina vigawo vingapi, na je, ni lazima kuigawa kwa kila namba kuanzia 1? Hapana, na ninasikitika kuona wanafunzi wengi bado wanafundishwa hivyo. Namba kubwa huvunjwa kwanza kuwa vigawo tasa. Mengine yote yanasomeka hapo.

Anza kwa 2, usiiache mpaka igome: 360360, 180180, 90090, 45045. Hizo ni 2 nne. Kisha 3: 15015, 5005. Kisha 5: 1001. Hapa ndipo wengi husimama wakidhani 1001 ni namba tasa, kwa sababu haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5. Endelea kwa 7: inabaki 143, ambayo ni 11 × 13. Mwenye jicho angeiona 1001 tangu mwanzo, maana namba ya tarakimu sita inayorudia tarakimu zake tatu za kwanza, kama 720|720, daima ni zao la 1001.

Basi 720720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13.

Kupata idadi ya vigawo, ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Kosa la kila siku ni kusahau ile 1. Mtu huzidisha vipeo vyenyewe, 4 × 2 × 1 × 1 × 1 × 1, akapata 8. Ile 1 inahesabu uamuzi wa kutoitumia kabisa namba tasa husika, mfano 2, nao ni uamuzi halali kama mingine. Hakuna namba ndogo kuliko 720720 inayofikia vigawo 240. Inayoikaribia, 665280, ina 224. Ramanujan, mwanahisabati wa India, alizichunguza namba za aina hii, zenye vigawo vingi kuliko namba yoyote ndogo kuliko zenyewe, katika andiko lake la 1915.

Jumla ya vigawo ni 31 × 13 × 6 × 8 × 12 × 14 = 3249792. Ukitaka kujua kama namba ni kamilifu, yaani sawa na jumla ya vigawo vyake vingine, ondoa kwanza namba yenyewe. Inabaki 2529072, zaidi ya mara tatu ya 720720, kwa hiyo si kamilifu: vigawo vyake vinaizidi mbali.

Tena 720720 ndiyo KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) ya namba zote kuanzia 1 hadi 16, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote. Chukua kipeo kikubwa kinachohitajika cha kila namba tasa: 16 inadai 2⁴, 9 inadai 3². Ukizidisha zote 1 hadi 16 bila kufikiri utapata 20922789888000, na mtihani utakuwa umekwisha. Swali likidai namba ndogo kabisa, iliyo kubwa kuliko 1, inayobakiza 1 ikigawanywa kwa kila moja kuanzia 2 hadi 16, jibu ni 720721.

Je, ni namba mraba? Tazama vipeo: 5, 7, 11 na 13 vina kipeo witiri, basi siyo. Izidishe kwa 5005 uvikamilishe, nawe utapata mraba wa 60060.