Maswali na Majibu: Kwako Inakwenda, kwa Mteja Je?

Assalamu alaykum mwalimu. Draiva yangu ya Windows (programu ya kuendeshea kifaa) kwangu inakwenda vizuri, lakini kwa mteja wa Wete inaleta skrini ya buluu, kosa 0xD1. RAM yake mbovu? (Chake Chake)

Waalaykum salaam. RAM ya watu iache. Swali hili naletewa kila mara, na anayeuliza hata ripoti ya ajali hajaifungua. Umeweka data kwenye kumbukumbu inayohamishika diskini, kisha ukaigusa huku umeshika spinloki, yaani kufuli ya kuzuia prosesa mbili zisiguse data moja kwa pamoja. Ukishika spinloki unapanda IRQL 2 (IRQL ni ngazi ya kipaumbele ndani ya Windows), na hapo kusubiri diski hairuhusiwi. Peji (kipande cha kumbukumbu) yenye data hiyo ikiwa bado imo kwenye RAM, hakitokei kitu. Ndiyo maana mashine yako yenye RAM tele inakudanganya. Kwa mteja mwenye RAM haba, Windows imeshaipeleka peji ile kwenye pagefile.sys, faili lake la diskini. Ukiigusa, kerneli (kiini cha mfumo) haina njia ya kuirudisha, inasimamisha mashine nzima.

Washa Driver Verifier, chombo cha Windows cha kujaribia draiva. Ukipanda IRQL, yenyewe inazitoa kwa nguvu peji zinazohamishika, kosa likutokee wewe mezani. Draiva ambayo haijapita hapo usimfungie mtu. Mteja wako mwenye duka haijui spinloki. Anajua tu kwamba mauzo ya asubuhi hayajahifadhiwa.

Basi niweke kila kitu kwenye isiyohamishika? (Mwanafunzi, Tunguu)

Hapana, mwanangu. Hiyo inakalia RAM muda wote, itumike isitumike, na programu nyengine zinabanwa. Weka humo kinachoguswa kwenye interapti (kifaa kinapoikatiza prosesa), kwenye DPC (kazi ambayo interapti imeiahirisha) au chini ya spinloki. Mipangilio inayosomwa mara moja mashine inapowaka ina haja gani ya kukaa humo? Na lebo ya herufi nne unayoitia unapoomba kumbukumbu iwe yako kweli. Wengi wananakili ile ya kwenye mifano. Kumbukumbu ikianza kuvuja, PoolMon, chombo cha kutazamia matumizi ya kumbukumbu, inawaonyesha lebo ambayo hawajui ni ya draiva ipi.

Kuombea kumbukumbu, ExAllocatePoolWithTag bado inafaa? (Mwanakwerekwe)

Imepitwa tangu Windows 10 toleo la 2004. Tumia ExAllocatePool2, hiyo inakupa kumbukumbu iliyokwisha kujazwa sifuri.

Kwenye Linux, inayohamishika naiombaje? (Mkoani)

Huiombi, haipo. Kerneli ya Linux haipeleki kumbukumbu yake diskini. Lakini kmalloc, ya kuombea kumbukumbu, ikiwa na GFP_KERNEL inaweza kulala ikisubiri, kwa hiyo ndani ya interapti tumia GFP_ATOMIC. Hiyo hushindwa kwa wepesi zaidi: angalia NULL (jibu la kukosa kumbukumbu) kila mara, wala usiniletee msimbo usioiangalia.