Ada ya lazima au kifurushi? Majibu ya fundi madishi wa Newala

Wakuu, mleta mada anauliza: chombo cha utangazaji cha umma kama TBC kilipiwe na kila kaya kwa ada ya lazima, kama Waingereza wanavyoilipia BBC, au anayetaka kutazama ndiye anunue kifurushi? Naona wengi mmeshaamua ni kifurushi. "Sitazami, nilipe ya nini?" Mimi nafunga madishi na kutengeneza ving'amuzi Newala, mkoani Mtwara, niseme ninayoyaona kazini.

Huku kwetu kifurushi kinafuata korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo yakaingia benki, simu yangu haipoi: huyu anataka dishi jipya, yule kadi imefungwa tangu Machi anataka aiwashe, mwingine anauliza kifurushi gani kina mpira. Ikifika masika hela imekata, madishi yapo tu juu ya bati, kwenye skrini maandishi yale yale ya kukumbushwa kulipia. Watu wanapenda kutazama, lakini mkulima anayepata hela yake kubwa mara moja kwa mwaka utamdaije kila mwezi? Wanaoendelea kulipa ni wenye vibanda umiza, vile vya kuonyesha mpira, na wao wanalipia mpira, taarifa ya habari haiwahusu.

Sasa liingize shirika la umma kwenye biashara hiyo. Litamfuata anayelipa miezi yote kumi na miwili, yaani mwenye mshahara wa mjini. Mnada wa ufuta wa Nachingwea atautangaza nani?

Halafu mnasahau redio. Redio haina kadi ya kufunga. Ukishapandisha mnara, aliyelipa na asiyelipa wote wanasikia. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja upande wetu, shule na ofisi za Mtwara zilifungwa, watu wa pwani wakaambiwa wapande sehemu za juu. Kilikwenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, sisi tukaponea chupuchupu. Mjomba wangu wa Msimbati taarifa ile aliipata kwenye redio ya betri. Tangazo kama lile utalipigia mahesabu ya wateja?

Kwa hiyo mimi nipo upande wa ada ya lazima, ila mnisikilize hadi mwisho, maana nina sharti: hela ilindwe kisheria iende kwa shirika lenyewe, isipitie Hazina.

Kukusanya si kazi. Italia tangu 2016 ada ya RAI, shirika lao la utangazaji la umma, wameiweka kwenye bili ya umeme kwa sababu wakwepaji walikuwa wengi mno. Sisi njia hiyo tunaijua: kodi ya majengo ilihamia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, 2021, nyumba ya kawaida shilingi 1,000 kwa mwezi, baadaye 1,500. Unanunua umeme, wameshakata. Kinachonitisha ni hela ikishakatwa inakwenda wapi.

Watu wa Mtwara na Lindi hatuhitaji mhadhara hapo. Ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje, asilimia 65 ilikuwa irudi kwenye zao lenyewe: pembejeo, utafiti wa kituo cha Naliendele na mengineyo. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni hadi sauti zikawakauka, sheria ikapita vilevile. Ada ya utangazaji ikipitia mlango ule ule wa Hazina, itabaki jina tu. Shirika litaendelea kusubiri ruzuku, na anayesubiri ruzuku hawezi kumuuliza swali gumu anayeitoa.

Mnakumbuka Januari 2016? Waziri wa habari wakati huo, Nape Nnauye, tena mbunge wetu wa Mtama, alitangaza TBC inaacha kurusha Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama, zikatajwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Sina ugomvi na hesabu. Lakini kama chombo kingekuwa na fungu lake lililolindwa kisheria, uamuzi ule ungetoka kwenye bodi yake, na sisi tunaolipa tungekuwa na pa kuibana. Wanaosema TBC ni mdomo wa serikali ndiyo maana hawataki kulipa ada, hapo ndipo ninapowaambia: nyie mnamwachia serikali awe mlipaji pekee, mnategemea nini?

Wajerumani tangu 2013 kila kaya inalipa, iwe na televisheni au isiwe nayo, na kuna tume huru ya wataalamu inayopitia mahitaji ya mashirika kabla kiwango hakijapangwa. Ufaransa wao walifuta ada 2022, wakahamia kwenye sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani. Mimi la Ufaransa silitaki hata kidogo, kwa sababu ya yale ya korosho.

Na wakija na LUKU, kwanza watatue suala la mita ya pamoja. Nyumba nyingi ninazopanda kufunga dishi zina wapangaji watatu wanne kwenye mita moja. Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba, ila anayekatwa ni yule aliyeingiza tokeni siku hiyo, na akienda kudai arudishiwe anaambiwa asubiri mwisho wa mkataba. Vijiji vya sola havina hata hiyo mita. Ikikatwa hivyo hivyo, mwenye chumba kimoja na redio ndiye atakayemlipia mwenye nyumba televisheni yake.