Kwa mnaoanza kazi ya waya: taa ikififia usikimbilie balbu

Nawaandikia nyinyi mnaoingia gereji mara ya kwanza, wale wa atachimenti kutoka poli na pia wale mlianza tu kwa kumshikia fundi tochi. Mimi nimefanya umeme wa magari hapa Nairobi, kuanzia Kirinyaga Road na saa hii niko Industrial Area, miaka kumi na kitu sasa, na kama kuna kazi naona vijana wanaidharau ni taa. Kila mtu anataka kushika mashine ya kusoma kodi za hitilafu, anataka sensa, anataka injini, taa wanaona ni kitu ya dakika tano, toa balbu weka balbu, pokea pesa. Halafu kesho yake asubuhi gari iko hapo kwa geti na mwenyewe hata salamu hataki.

Mimi iliyonifunza adabu ilikuwa matatu ya abiria kumi na wanne. Dere alikuja jioni, anasema akikanyaga breki taa ya nyuma ya kulia inawaka hafifu na indiketa ya upande huo huo inawaka kidogo kidogo na hajaigusa. Nikabadilisha balbu, ikakaa vilevile. Nikabadilisha swichi ya breki pale kwa pedeli, nikaona ni kama imepata nguvu kidogo, nikamwambia dere iko sawa sasa, akalipa balbu na swichi akaenda. Saa kumi na mbili asubuhi amerudi, ameachwa na foleni ya steji sababu yangu. Mzee aliyekuwa ananifunza kazi hakunigombeza, alichukua kipande cha waya, ncha moja akaikwaruza kwa bodi mahali pana chuma safi, ncha ingine akagusa athi ya ile taa, yaani waya wa kurudisha umeme kwa bodi, na taa ikawaka kali palepale. Akaniambia, "Kijana, umeme ulienda vizuri, ukakosa njia ya kurudi." Tukafungua bolti ya athi ndani ya buti, tukapata ile gari ilipopigwa rangi mtu alipaka na hapo pia, rangi ikakaa katikati ya terminali na bodi. Msasa kidogo, grisi kidogo, kaza, kazi ikaisha. Pesa ya swichi nilimrudishia.

Sasa shika hio ya mzee vizuri juu ndio kazi yote ya taa. Umeme unatoka kwa betri, unapita fyuzi, unapita swichi ama relei (swichi inayowashwa na umeme), unaingia kwa balbu, halafu lazima urudi kwa negative, na kwa gari njia ya kurudi ni bodi yenyewe. Hio njia ya kurudi ikizibwa, umeme haukai tu ukingoja, unatafuta pengine pa kupitia, na pengine karibu ni filamenti ya balbu jirani iliyo kwa nyumba moja na hio. Ndio maana unakanyaga breki na indiketa inawaka. Ukiona taa moja inafanya kazi ya taa ingine, usinunue kitu, tafuta athi.

Na kuitafuta si kwa macho. Weka multimita kwa volti za DC, pini nyeusi ishike kwa negative ya betri, pini nyekundu gusa mguu wa athi pale kwa soketi, na taa iwe IMEWAKA. Hapo ikisoma chini ya 0.2 njia ya kurudi iko sawa. Ikisoma volti moja, mbili, hio ndio mwanga umepotelea hapo. Narudia taa iwe imewaka kwa sababu hili kosa naliona kila mwaka na kila kundi jipya, kijana anachomoa balbu, anapima soketi tupu, anapata 12.6, anasema moto (umeme wa positive) uko, balbu ndio mbaya. Waya inaweza kuwa imekatika imebaki uzi mmoja na bado itakupa 12.6, maana mita haivuti kitu. Ile balbu ikirudi na kuanza kuvuta ampea zake ndio ule uzi mmoja unashindwa. Upande wa positive pima hivo hivo, pini moja kwa positive ya betri ingine kwa mguu wa moto wa balbu, taa ikiwaka.

Mbona nasumbuka na nusu volti? Balbu ya halojeni ukiipunguzia volti kwa asilimia 10 mwanga haupungui asilimia 10, unapungua karibu asilimia 30. Mteja hajui hayo, yeye anajua tu akitoka Kitengela usiku haoni barabara, kwa hivo anakuja anasema fundi niwekee balbu kubwa. Na wewe ukiwa na njaa ya pesa unamwekea za wati 100. Hebu piga hesabu na mimi: H4 ya kawaida, ile balbu moja ya taa kubwa yenye fulu na dimu, ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, kwa volti 12 dimu moja inavuta kama ampea 4.6, zote mbili kama 9. Za wati 100 zote mbili zinavuta karibu 17, kwa waya ile ile nyembamba na swichi ile ile ya stiaringi. Soketi inaanza kuwa ya kahawia, inanuka, inayeyuka, na nimeona waya zimeshikana kabisa ndani ya dashibodi. Na mtu mwingine akiona fyuzi inachomeka anaweka kubwa, anatoa ya bluu ya 15 anaweka ya kijani ya 30, ama anafunga na karatasi ya sigara. Usiwahi. Fyuzi imewekwa kulinda waya, ukiweka kubwa waya ndio inageuka kuwa fyuzi.

Dawa ya taa hafifu ni kusafisha athi, kuangalia altaneta kama inachaji kati ya volti 13.8 na 14.4, na kama njia ya waya ni ndefu weka relei. Relei usiiogope, pini 30 ni moto kutoka betri ukipitia fyuzi, 87 inaenda kwa taa, 85 na 86 ni koili, moja athi moja inatoka kwa swichi. Swichi inabeba umeme kidogo tu wa kuamsha koili, mzigo wote unapita waya nene ya karibu. Lakini jihadhari na Land Cruiser na Hilux za zamani, nyingi zao moto unakuwa kwa balbu tayari na swichi inakata upande wa athi, ukizifanyia kwa mazoea ya gari zingine utazunguka siku nzima.

Siku moja ukiwa na nafasi shika H4 mpya mkononi, ishike kwa chuma usiguse kioo, mafuta ya vidole yanafanya kioo kipate joto sana mahali pamoja na balbu inakufa mapema, na ukigusa pangusa na spiriti. Iangalie kwa karibu. Kuna filamenti mbili, ya mbele ina kikombe kidogo cha chuma chini yake. Hio ndio dimu. Kikombe kinazuia mwanga usiende chini, unapiga nusu ya juu ya kioo cha ndani tu na kurudi chini barabarani, ndio unapata ule mstari kwa ukuta, juu giza chini mwanga. Fulu haina kikombe, inajaza kote. Kitu kidogo hivo kama ukucha ndio kinamlinda dere anayekuja upande ule mwingine.

Sasa chukua zile LED za bei rahisi za kuchomeka mahali pa H4. Zile taa ndogo hazikai pale filamenti ilikuwa, ama zinakaa lakini zinatupa mwanga kwa umbo lingine, basi mstari unapotea na mwanga unapanda juu kwa macho ya watu. Mteja anafurahi juu mbele ya bampa yake panang'aa nyeupe, lakini mbali haoni kushinda mwanzo na kila mtu Mombasa Road anamflashia. Mimi siweki, na wateja nimepoteza kwa hio, wanaenda kwa jirani. Kama gari imekuja na LED ama zenoni zake za kiwandani ni sawa, taa nzima imeundwa kwa hio. Na zenoni usichokore ikiwa imewashwa, ile balasti, kisanduku chake cha umeme, inatupa zaidi ya volti elfu ishirini kuiwasha.

Balbu ikishabadilishwa pima mwelekeo. Tafuta ukuta na sakafu sawa, gari umbali wa mita 10, magurudumu yawe na upepo, mstari wa dimu uwe kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe, na ile kona yake ipande kushoto. Gari zetu nyingi zinatoka Japani na wao pia wanaendesha kushoto kwa hivo taa zinaingia barabara zetu vizuri, lakini ukiletewa taa ya kutoka nchi wanaendesha kulia, kona inapanda kulia, machoni pa anayekuja, na skrubu ya kurekebisha haitakusaidia. Irudishe dukani.

Vioo vya taa vya njano hivo ni jua limechoma plastiki. Msasa wa maji 800, 1500, 2000, polishi, halafu lazima upake kliya ya kuzuia jua, bila hio baada ya miezi michache ni njano tena.

Kuna moja iliwahi kunila siku mbili. Stesheni wagoni, taa ya namba pleti na breki ya mlango wa buti zinawaka na kuzima zinavotaka. Waya zote nzuri kwa macho, fyuzi nzuri, athi nzuri. Ilikuwa pale kwa bawaba, ndani ya ule mpira, waya zinakunjwa kila buti ikifunguliwa mpaka shaba inakatika ndani na ngozi ya nje inabaki nzima. Tangu hapo nikiona shida ya mlango wa nyuma naanza kwa kuvuta kila waya kwa vidole pole pole, ile imekatika ndani inanyooka kama mpira. Unganisha na solda, weka slivu ya joto, usisokote na tepu nyeusi ukaita kazi.

Plagi za njano usiziguse na testa ya balbu, hizo kawaida ni za eabegi. Na gari mpya ambazo taa zinaongozwa na kompyuta ya bodi, tumia mita, sio waya ya kujaribia.

Wengi watakuletea gari na kesho yake wana inspekshoni Likoni Road, wana haraka, wanataka uwashe moja moja useme iko. Usikubali. Washa paki, dimu, hazadi, weka giya ya rivasi, na mtu akanyage breki, zote kwa wakati mmoja, wewe uko nyuma unaangalia. Ukiwa peke yako rudisha gari karibu na ukuta uangalie kwa saidi mira. Taa moja ikiwaka peke yake athi mbovu inaweza kuibeba bila shida, zikiwaka zote pamoja ndio utaona ile ya kulia ikianza kufifia.