Maswali ya Wasomaji: Tumo kwenye kamati ya amani, lakini kazi yetu ni chai

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mfanyabiashara wa sokoni hapa Hola, Kaunti ya Tana River. Tangu Wapokomo na Waorma walipopigana mwaka 2012, wazee wetu wana kamati ya amani, na sasa tumeongezwa wanawake wanne. Kikao kikianza tunatumwa chai. Wazee wakishakubaliana, tunaitwa kupiga makofi. Katika semina tuliambiwa kwamba Azimio namba 1325 la Umoja wa Mataifa linatupa haki ya kushiriki. Je, wanawake wamewahi kweli kusimamisha vita, au hayo ni maneno ya semina tu? (Mama wa sokoni, Hola)

JIBU: Wamewahi, Mama, na mfano mkubwa uko kaskazini yako tu, Wajir, tena ulianzia sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukame uliua mifugo, Serikali ya Somalia ikaanguka, silaha zikavuka mpaka, na koo za Waajuran, Wadegodia na Waogaden zikaingia katika mapigano yaliyoua watu wengi. Uhasama ulifika hadi kwenye meza za biashara, mwanamke wa ukoo huu akawa hamuuzii wala hanunui kwa mwanamke wa ukoo ule. Kundi dogo la wanawake waliosoma, akiwamo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, liliwakusanya wenzao wa koo zote na kuunda kamati ya kulinda soko, ili kila mwanamke, awe wa ukoo gani, auze na anunue bila kuguswa. Palipotokea ugomvi, kamati iliusuluhisha mapema kabla haujafika kwa vijana wenye bunduki.

Baada ya soko kutulia ndipo walipowaendea wazee, na hapo walitumia busara ambayo nadhani inakuhusu. Hawakudai kuongoza kikao. Walimtafuta mzee wa ukoo mdogo kabisa, ambaye hakuna aliyeweza kumshuku kwamba anataka malisho au kiti cha ubunge, naye akawa msemaji wa upatanisho. Septemba 1993 wazee walitia saini makubaliano ya amani ya koo hizo, yaitwayo Azimio la Al-Fatah, na mwaka 1995 juhudi za wanawake, wazee na vijana ziliunganishwa na za serikali katika kamati moja ya wilaya, ambayo baadaye iliigwa na wilaya nyingine nyingi za Kenya. Kwa hiyo kamati mnayotumwa chai ndani yake ina asili yake, kwa sehemu kubwa, katika kazi ya wanawake. Wakumbushe wazee hilo, kwa adabu. Dekha mwenyewe alipata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki mwaka 2011 kufuatia ajali ya barabarani.

Hata hivyo, usikubali kutetewa kwa hoja kwamba mwanamke kwa maumbile yake ni mtu wa amani. Katika jamii nyingi za wafugaji, nyimbo za kuwasifu waliorudi na mifugo ya wizi na kuwakejeli waliobaki nyumbani huimbwa na wanawake. Hoja iliyo imara ni ya nafasi yake: mwanamke aliyezaliwa ukoo mmoja na kuolewa katika mwingine ana kaka upande huu na wana upande ule, na muuza maziwa husikia habari za kulipiza kisasi mapema kuliko chifu.

Sababu ya kutaka kuwamo wakati maneno yanaandikwa iko wazi pia. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, makubaliano mengine ya amani yaliyoleta nafuu ya kweli katika wilaya za kaskazini mashariki, yaliweka fidia ya ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 50 kwa mwanamke. Sijui kama wanawake wangeketi pale kwa wingi hesabu ingekuwa ileile. Nina shaka sana.

Linganisha na Warundi walipofanya mazungumzo ya kumaliza vita vya nchi yao huko Arusha, Tanzania. Wajumbe wengi wa vyama walipinga wanawake kuwa na sauti katika mazungumzo, lakini Julai 2000 wanawake kutoka vyama vyote walikutana hapohapo Arusha, wakapeleka mapendekezo yao kwa msuluhishi, Nelson Mandela, na mengi yakaingia katika mkataba uliosainiwa Agosti 28. Dai la asilimia 30 ya nafasi za uongozi lilikataliwa wakati huo. Liliingia katika katiba ya mwaka 2005.

Ama Azimio 1325, lilipitishwa na Baraza la Usalama Oktoba 31, 2000, chini ya uenyekiti wa Namibia. Linataka wanawake washiriki katika kuzuia na kumaliza migogoro, na walindwe wakati wa vita, lakini halina adhabu kwa nchi inayolipuuza. Utekelezaji umeachiwa mipango ya kitaifa, na Kenya ilizindua wa kwanza mwaka 2016. Mbele ya chifu au naibu kamishna, mimi ningetanguliza Katiba ya 2010, Ibara ya 27(8), inayoitaka serikali ichukue hatua ili wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Wanne mliopo ni wangapi kati ya wote? Hesabuni kwanza.

Kisha ombeni mambo mawili madogo yaandikwe katika kumbukumbu za kikao kijacho: kwamba ajenda itasambazwa kwa wajumbe wote kabla ya siku ya mkutano, na kwamba hakuna makubaliano yatakayohesabiwa kuwa ya kamati bila saini zenu. Chai ipikwe na mtu atakayelipwa kwa kazi hiyo, au ipikwe kwa zamu, wazee wakiwamo.