Kiinua mgongo na siku za notisi: barua kwa mwanangu

Temeke, Dar es Salaam
20 Agosti 2025

Mwanangu Neema,

Nimepokea ujumbe wako pamoja na picha ya ukurasa wa mkataba. Unauliza kama mfanyakazi anayeacha kazi mwenyewe na kuitumikia notisi hadi mwisho anastahili kiinua mgongo, na kama siku za notisi zinaingia katika hesabu ya miaka.

Nianze na sheria, kwa kuwa wengi hapa mjini wanaichanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe kiinua mgongo mfanyakazi aliyemwachisha kazi baada ya kutumika mfululizo kwa angalau miezi 12, nacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Anayeandika barua ya kuacha kazi kwa hiari yake hayumo, hata akiitumikia notisi bila kukosa siku. Ingekuwa wamekunyanyasa mpaka kazi haikaliki, kuacha kwako kungeweza kuhesabiwa kuwa umeachishwa, na ungelipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba unaondoka kwa sababu umepata kazi nzuri zaidi.

Kwa hiyo haki yako imebaki ndani ya mkataba, na nimefurahi sana kuiona imo. Kifungu ulichonipigia picha kinasema kampuni itamlipa kiinua mgongo mfanyakazi "aliyetimiza miaka mitano ya utumishi mfululizo, kwa namna yoyote ajira yake itakavyokoma, isipokuwa kwa utovu wa nidhamu". Uliajiriwa 14 Septemba 2020, hivyo miaka mitano inatimia 13 Septemba mwaka huu, nawe unataka kupeleka barua tarehe 1.

Ajira haikomi siku unapokabidhi barua. Inakoma siku ya mwisho ya notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Ukizifanyia kazi zote, utaivuka tarehe 13 ukiwa bado mwajiriwa. Hata hivyo sikushauri uitegemee hesabu hiyo, mama. Wapo waajiri ambao wakishapokea barua humtaka mtu akabidhi vifaa siku hiyohiyo, wakamlipa mshahara wa siku za notisi, kisha wakaandika kwamba ajira imekoma tarehe ya barua, na hapo ungeanza kugombania jasho la miaka mitano kwa sababu ya siku chache tu. Peleka barua Jumatatu, 15 Septemba. Mwajiri mpya akikuhitaji kweli, atasubiri wiki mbili.

Itaje ndani ya barua siku yako ya mwisho kazini, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Usiitoe ukiwa likizo, kwa maana notisi hairuhusiwi kwenda sambamba na likizo, wala usiikatize njiani, kwani mwajiri anaweza kuzikata siku usizofanya kazi kutoka kwenye stahiki zako. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo usiyochukua na cheti cha utumishi ni haki zako hata bila kifungu kile, na michango yako ya NSSF haiguswi.

Nitumie rasimu ya barua kabla hujaisaini, na uiambatanishe na ukurasa wa mkataba unaohusu notisi, kwa sababu picha uliyotuma imeishia kabla yake.

Baba yako