Kabla ya kununua mbolea ya mizeituni, pima majani

Tangu nianze kazi kwenye mashamba ya mizeituni hapa Jaén, kusini mwa Hispania, ndugu wa nyumbani huniuliza: mti mmoja unatiwa mbolea kiasi gani? Nami huwauliza kwanza kama majani yamepimwa.

Mahindi yakikosa naitrojeni, yanakuonyesha mapema na unawahi na urea. Mzeituni una akiba yake ndani ya shina na matawi. Unaweza kuunyima mbolea mwaka mzima usione tofauti kwenye mavuno, na unaweza kuumwagia mbolea nyingi usione tofauti vilevile. Majaribio ya miaka mingi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Córdoba yalionyesha hivyo hivyo: jani likiwa na naitrojeni ya kutosha, kuongeza nyingine hakuongezi zeituni. Huku kwetu kinachofuata ni machipukizi mengi ya kupogoa, na mafuta yenye polifenoli pungufu, yaani kinga yake ya asili, hivyo huharibika mapema. Kinachobaki udongoni huoshwa na mvua hadi kwenye maji ya visima. Hilo linaniuma, kwa sababu ni maji tunayoyanywa.

Majani huchumwa Julai. Chukua kama 100, yaliyokomaa, pamoja na vikonyo vyake, kutoka katikati ya machipukizi ya mwaka huo yasiyobeba matunda. Zunguka miti mingi, na usichanganye sehemu zenye udongo tofauti. Maabara ikikujibu kuwa naitrojeni ni kati ya asilimia 1.5 na 2.0 ya uzito mkavu, acha urea dukani. Ikishuka chini ya 1.4, hapo weka, tena kidogo kidogo kupitia mipira ya kumwagilia kwa matone kama unayo.

Mimi nahangaika zaidi na potasiamu. Zeituni huondoka nayo kwa wingi, kwa hiyo baada ya mwaka wa mavuno makubwa majani huwa yamepungukiwa. Kiwango kizuri ni zaidi ya asilimia 0.8, chini ya 0.4 mti una njaa kweli, ncha za majani hukauka na matunda hubaki madogo. Kwenye mashamba yanayotegemea mvua, ukame huizuia isifike kwenye mizizi hata ikiwa imejaa udongoni. Ndiyo maana tunaipulizia kwenye majani, majira ya kuchipua, yakiwa bado machanga na yanapokea vizuri. Usingoje mti udhoofike: mti wenye upungufu na kiu hunyonya kidogo, utarudia kupulizia mara nyingi.

Ncha kavu zinaweza pia kuwa upungufu wa boroni, inayohitajika ili maua yashike matunda. Ukikisia kwa macho utakosea, na boroni ikizidi ni sumu. Kipimo kinachofaa ni sehemu 19 hadi 150 kwa milioni; ikipungua, pulizia kabla ya maua kufunguka.

Fosforasi sijawahi kuona ikisumbua huku. Ila kwenye udongo wa chokaa, ukikuta majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, huo ni upungufu wa madini ya chuma, na urea haiutibu. Kama bado hujapanda, chagua aina ya mzeituni inayovumilia chokaa, maana kutibu baadaye ni gharama ya kila mwaka.