Mapafu meusi hayamtishi mtoto wa darasa la sita

Kila mhula, shule nyingi hapa Nairobi hualika mgeni wa kuzungumzia mihadarati. Watoto wanapangwa gwarideni, wanaonyeshwa picha ya mapafu meusi, wanaapa kwa sauti moja kwamba hawatavuta wala kunywa, basi. Nimefundisha Eastlands muda wa kutosha kujua kwamba hofu hiyo haifiki saa ya chakula. Kuna atakayenyoosha mkono na kuuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, mbona guka (babu) yangu anavuta na bado analima?" Hapo ujanja wote umeisha.

Marekani walianza mpango wa DARE mwaka 1983 huko Los Angeles, polisi wakiingia madarasani kuonya watoto. Ulienea kote, lakini watafiti walipowafuatilia wanafunzi hao waliwakuta hawatofautiani sana na wenzao ambao hawakufundishwa.

Mimi huanza na vikaratasi visivyo na majina. Swali la kwanza: unadhani wangapi darasani wameonja pombe au sigara? La pili: wewe je? Kwa kawaida kile wanachodhani kinakizidi kwa mbali kile wanachokiri, na ukiwasomea jumla utaona nyuso zikibadilika. Mtoto anayeamini wote wanafanya hujiona amebaki nyuma. (Hesabu ikiwa kubwa kweli, usiisome. Utakuwa umewapa sababu.)

Kisha tunaigiza. Anayempa mtoto sigara mara nyingi si mgeni. Ni binamu kwenye ruracio, ile sherehe ya mahari, au rafiki wa kaka yake hapo stejini. Kwa hiyo awe na maneno yake tayari mdomoni. "Ni dhambi" huchekwa. "Kocha atanitoa kwa timu" hupita bila kelele, na wanafunzi wangu wametunga mengine makali kuliko yangu.

Siku hizi kuna pia vile vifuko vyeupe vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo. Havitoi moshi wala harufu, na mtoto anaweza kukaa navyo katikati ya somo lako akikuangalia machoni. Vitaje waziwazi, waeleze kwamba ni nikotini ileile ya sigara, inayoleta uraibu uleule.

Wazazi, hapa tuvumiliane. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na kuuza sigara mojamoja pia ni kosa. Lakini nani anamtuma mtoto dukani akamletee baba mbili, chenji anunue peremende? Shule haina somo la kushindana na hilo. Na sheria ya vileo ya 2010 inataka baa iwe umbali wa angalau mita 300 kutoka shuleni. Simameni getini mtazame, na mkiona iliyo karibu zaidi, chama cha wazazi kipeleke pingamizi kwa kamati ya leseni kabla baa hiyo haijapewa leseni tena.

Ukimkamata mmoja, usikimbilie kumtuma nyumbani wiki mbili. Nyumbani mchana hakuna mtu, na wale vijana wa stejini wapo. Mwite mzazi, kaeni na mtoto, mpigie NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na mihadarati, kwa 1192. Simu ni ya bure, na anayepokea ni mshauri, si polisi.